Maven iliyogoma Wete: uchambuzi wa kisa kimoja

Kompyuta inayozungumzwa hapa ipo Wete, Pemba, kwenye chumba cha ofisi ya kikundi kidogo cha wakulima wa karafuu. Ni ya mezani, ya mtumba, imewekwa mfumo endeshi wa Ubuntu 22.04, na kazi yake ni moja: kujenga programu ya Java ya kuandikia hesabu za wachumaji. Nani kachuma pishi ngapi, siku gani, shamba la nani, na kalipwa kiasi gani. Programu hiyo inaandikwa na kijana wa kikundi pamoja na mwenzake aliye Unguja. Kwa mwenzake ilijengeka bila tabu. Wete zana ya kuijengea, Maven, ikagoma, na ujumbe ulionifikia Chake Chake ulikuwa huu:

"Assalaam alaykum maalim. Maven imekataa kabisa. Nimefuata kila ninachokiona mtandaoni, bando limekwisha na bado. Nifute kila kitu nianze upya?"

Nilimjibu asifute chochote. Kwenye kompyuta iliyogoma, vilivyomo ndio ushahidi, na kwa mtu anayenunua intaneti kwa megabaiti, kufuta ni kulipa mara ya pili. Nakiandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu maelekezo mengi ya kusakinisha zana za aina hii yameandikwa na watu ambao intaneti kwao haina kipimo. Kwao kazi imekwisha pale amri `mvn -v`, inayouliza toleo la Maven, inapotoa jibu. Kwetu haijaisha hapo. Imekwisha pale kompyuta inapoweza kujenga mradi wako mtandao ukiwa umezimwa.

Tofauti hiyo inatokana na jinsi Maven ilivyoundwa. Apache Maven, zana inayogeuza msimbo wa Java kuwa programu inayoendeka, ni ya zamani sasa: toleo la 1.0 lilitoka mwaka 2004, la 2.0 mwaka 2005, na mfululizo wa 3 ulianza mwaka 2010. Yenyewe ni ndogo, faili lake la kupakua halifiki megabaiti 10. Lakini karibu haijui kufanya kitu peke yake. Inasoma faili la mradi liitwalo `pom.xml`, kisha inakwenda kwenye hifadhi kuu ya mtandaoni kuchukua plugini (programu ndogo za nyongeza) za kukusanya msimbo, za kupima, za kufunga faili la mwisho, pamoja na maktaba zote (misimbo iliyoandikwa tayari na wengine) ambazo mradi umezitaja, na maktaba ambazo maktaba hizo nazo zinazitaka. Vyote inaviweka kwenye folda ya mtumiaji, `~/.m2/repository`. Mzigo wa kweli ni huo, na ndio unaokula bando.

Sasa kosa lenyewe. Kijana alinipigia picha ya skrini, na kwenye mistari mingi myekundu huu ndio uliokuwa na maana:

`PKIX path validation failed: java.security.cert.CertPathValidatorException: validity check failed`

PKIX ni utaratibu wa kukagua vyeti, zile hati za kidijitali ambazo tovuti huzitumia kuthibitisha kwamba ndiyo yenyewe. Ukitafuta neno hilo mtandaoni utakuta maelfu ya watu wanalia, na dawa wanayopeana ni kuingiza cheti kwa mkono kwenye akiba ya vyeti ya Java, kwa amri ya `keytool`. Kijana alikuwa ameshalifanya hilo. Halikusaidia, na lisingesaidia. Dawa ile ni ya kosa jingine linalofanana nalo kwa sura, lile linalosema `path building failed`. Hilo maana yake Java haimtambui aliyetoa cheti. Hili la kwake linasema `validation`, na mwishoni `validity check`: Java imemtambua mtoaji, imekifuata cheti mpaka juu, lakini imekuta muda wake haulingani. Ama kimekwisha, ama hakijaanza. Cheti cha hifadhi kuu ya Maven kingekuwa kimekwisha, ulimwengu mzima ungepiga kelele siku hiyohiyo. Kwa hiyo la kuulizwa lilikuwa moja: kompyuta hii inaamini leo ni tarehe ngapi?

Nilimwambia aandike `date`. Tarehe iliyotoka ilikuwa nyuma kwa zaidi ya miezi mitatu.

Hapa pana jambo la kulitulia, kwa sababu lingekuwa rahisi zaidi kama saa ingerudi mbali kabisa. Kompyuta ina betri ndogo ya duara, CR2032, inayoendesha saa wakati umeme haupo. Betri ikifa, saa hurudi kwenye tarehe ya kiwandani, miaka mingi nyuma, na mtu yeyote akiitupia jicho anashtuka. Ubuntu ina kihuduma kiitwacho `systemd-timesyncd` kinachosahihisha saa kwa kuuliza seva za mtandaoni, na kila kinapofanikiwa kinaweka alama kwenye faili `/var/lib/systemd/timesync/clock`. Kompyuta ikiwaka na kukuta saa yake iko nyuma ya alama ile, inaisogeza mbele mpaka hapo. Ni ulinzi mzuri. Lakini matokeo yake kwenye kompyuta yenye betri iliyokufa ni kwamba saa haionyeshi upuuzi, inaonyesha siku ile ya mwisho iliposahihishwa. Mwaka ni sahihi, dakika zinakwenda, kila kitu kinaonekana cha kawaida. Kijana alianza kazi hii kabla ya msimu wa karafuu, akaiacha, akaenda mashambani kama wenzake, akarudi. Kompyuta ilikuwa imezimwa muda wote huo, na ilipowashwa ikaendelea na maisha kutoka pale ilipolala.

Kwa nini basi haikujisahihisha aliporudi? Mwanzoni alitumia intaneti ya simu yake. Aliporudi alitumia mtandao wa ofisi, na ule mtandao umefunga mlango wa UDP namba 123 ambao maombi ya saa hupitia. Kurasa za wavuti zinafunguka, barua pepe zinakwenda, saa peke yake ndiyo haipati jibu. Amri `timedatectl` ililisema wazi kwenye mstari mmoja: `System clock synchronized: no`.

Na palikuwa na shahidi wa pili ambaye alikuwa ameshazungumza mapema. Nilimuuliza kijana kama `sudo apt update`, amri ya Ubuntu ya kusasisha orodha ya vifurushi, ilikuwa inafanya kazi. Akasema nayo ilikuwa inalalamika, lakini aliona ni tatizo jingine, akaliweka pembeni mpaka Maven ipone. Lalamiko lenyewe: `Release file ... is not valid yet`, na mbele yake idadi ya siku zilizobaki kabla faili hilo halijawa halali. Programu mbili zisizojuana, moja ya Java na moja ya mfumo, zote zinasema kitu cha kesho kimekuja leo. Mambo mawili yakiharibika kwa pamoja kwenye kompyuta moja, mimi huanza na kile wanachokitegemea wote wawili.

Kabla sijaenda kwenye dawa, nilizungumzie jambo moja ambalo linaniuma. Miongoni mwa ushauri alioukuta ulikuwamo wa kuiambia Maven isikague vyeti kabisa, kwa kuongeza `-Dmaven.wagon.http.ssl.insecure=true` kwenye amri. Alijaribu, kwa ile Maven 3.9.9 ya `/opt` nitakayoifikia baadaye. Kwa bahati njema haikufanya kitu, kwa sababu tangu 3.9.0 Maven imebadilisha njia yake ya kawaida ya kupakulia na kigeu hicho kinasomwa na ile njia ya zamani tu. Nasema kwa bahati njema kwa makusudi. Plugini za Maven si picha wala maandishi. Ni programu, na zinaendeshwa kwenye kompyuta yako kwa ruhusa zako mara tu zinapofika. Ukiondoa ukaguzi wa vyeti, yeyote aliyekaa katikati ya njia anaweza kukupa plugini yake badala ya uliyoiomba. Ule ukaguzi wa jumla za faili (checksum, alama za kuthibitisha kwamba faili halikubadilika) ambao Maven hufanya haukukingi hapo, kwani jumla zenyewe zinatoka kwenye mlango uleule, na katika mfululizo wa 3 zikikosea Maven hutoa onyo na kuendelea. Programu hii itashika hesabu za malipo ya watu. Cheti kinapokataa, kinafanya kazi iliyowekewa.

Dawa ya saa ilikuwa nyepesi. Aliwasha intaneti ya simu kwa muda mfupi, kihuduma kikapata jibu, saa ikakaa sawa. Ombi la saa ni pakiti ya baiti 48, bando halihisi. Kisha akaandika `sudo hwclock --systohc` ili saa ya ndani ya kompyuta nayo ijue, na nikamwagiza anunue betri mpya kwa fundi saa. Bila betri, kila umeme ukikatika tunarudi tulikotoka. Anayelazimika kuweka saa kwa mkono azime kwanza usahihishaji kwa `sudo timedatectl set-ntp false`, halafu `sudo timedatectl set-time`, na akumbuke kwamba saa nane mchana huandikwa 14:00. Ukiandika 08:00 umeirudisha kompyuta nyuma kwa saa sita, na `apt` bado itakataa faili lililotolewa asubuhi hiyohiyo.

Saa iliposimama sawa, kosa la PKIX likatoweka. Hapo ndipo ikaonekana kwamba chini yake palikuwa na mambo mengine yaliyokuwa yakingoja zamu.

Ilibidi tuirudie historia hatua kwa hatua. Mwanzo kabisa kijana alisakinisha kwa njia ya kawaida, `sudo apt install maven`. Hifadhi ya Ubuntu 22.04 inatoa Maven 3.6.3, toleo la mwaka 2019. Mwenzake wa Unguja alikuwa ameweka sharti ndani ya `pom.xml` kwamba Maven iwe 3.8 au zaidi, kwa hiyo mradi ukakataa, tena kwa haki. Kijana akapakua 3.9.9 kutoka kwa Apache wenyewe, akaifungua ndani ya `/opt`, akatengeneza kiungo `/opt/maven`, na akaongeza mstari huu kwenye faili lake la `~/.bashrc`:

`export PATH=$PATH:/opt/maven/bin`

Yote sahihi, isipokuwa mpangilio. Mfumo hutafuta amri kwenye folda za `PATH` kwa zamu, kushoto kwenda kulia, na wa kwanza kupatikana ndiye anayetumika. `/usr/bin/mvn` ya 3.6.3 ilikuwa mbele, ile mpya nyuma. Amri ya `type -a mvn` inaziorodhesha zote mbili kwa mpangilio wake, na nashangaa maelekezo mengi hayaitaji. Tuligeuza mstari:

`export PATH=/opt/maven/bin:$PATH`

kisha tukaiondoa ya zamani kwa `sudo apt remove maven`. Sioni sababu ya kuweka Maven mbili kwenye kompyuta ya mtu mmoja mwenye mradi mmoja.

Kumbe siku zile za mwanzo, alipoona `mvn` bado inajibu 3.6.3, alifikiri ni suala la ruhusa. Akajaribu `sudo mvn`, yaani kuiendesha kwa mamlaka ya msimamizi wa mfumo. Jibu likawa lilelile, na lisingekuwa jingine, kwa sababu `sudo` haichukui `PATH` yako, ina orodha yake maalumu isiyojua habari za `/opt/maven`. Basi akaandika njia kamili: `sudo /opt/maven/bin/mvn clean package`. Hiyo ikakubali, ikaanza kupakua, ikapakua sana, kisha ikasimama na kosa jingine. Bando likaishia hapo.

Amri hii moja ndiyo iliyokula pesa nyingi kuliko zote, kwa hiyo tuiangalie vizuri. Ukiendesha Maven kwa `sudo`, anayeiendesha si wewe tena, ni `root`, yule msimamizi mkuu. Java huangalia mtumiaji ni nani na kuchukua folda yake ya nyumbani, kwa hiyo kila kilichopakuliwa kiliwekwa `/root/.m2/repository`. Kijana alipoendesha tena kwa jina lake, Maven iliangalia `~/.m2` yake, ikakuta karibu tupu, ikataka kupakua vyote upya. Zaidi ya hapo, folda ya `target` ndani ya mradi ilikuwa imeundwa na `root`, na alipoandika `mvn clean` kwa jina lake ilishindwa kufutika.

Ilikuwa furaha kumwambia kwamba bando lake halikupotea. Faili zote zilikuwapo, zimekaa nyumba nyingine tu:

`sudo rsync -a --ignore-existing /root/.m2/repository/ ~/.m2/repository/`

`sudo chown -R $USER: ~/.m2`

na `chown` kama hiyo kwa folda ya mradi. Angefuta na kuanza upya kama alivyotaka, mzigo huo angeulipia tena. Maven haihitaji `sudo` kujenga mradi wako. Inahitajika mara moja tu, pale unapoiweka ndani ya `/opt`.

Na lile kosa lililoisimamisha siku ile? `No compiler is provided in this environment`. Hili ni la kawaida mno kwenye Ubuntu na lina maelezo mafupi. Kifurushi cha `maven` cha Ubuntu huvuta Java ya kuendeshea programu tu, bila kompaila, ile inayogeuza msimbo kuwa programu. Kwenye 22.04 ni Java 11. Mradi ulitaka 17, na ulitaka `javac`, ambayo ndiyo kompaila yenyewe. Saa ikiwa sawa na `apt` imepona, `sudo apt install openjdk-17-jdk` ilipita bila maneno, tukaweka `JAVA_HOME=/usr/lib/jvm/java-17-openjdk-amd64`. Hiyo ni folda, si faili la `/usr/bin/java`, jambo linalowakwaza wengi. Baada ya hapo `mvn -v` ilionyesha 3.9.9 juu na Java 17 chini. Huo mstari wa Java watu huuruka, nao ndio unaosema Maven inatumia Java ipi kwa kweli.

Tulibaki na kazi niliyoiona kuwa ndiyo usakinishaji wenyewe. Ipo amri `mvn dependency:go-offline` inayokusudiwa kushusha kila kitu mapema. Ni nzuri, lakini haitoshi. Plugini ya majaribio, Surefire, huamua wakati wa kuendesha tu ni kiunganishi gani cha JUnit (maktaba ya kuandikia majaribio) inachokihitaji, kisha hukipakua wakati huo, `go-offline` haikijui. Mtu anayeitegemea amri hiyo peke yake atafika shamba, atazima mtandao, na majaribio yatamwangusha. Ninachokiamini ni kujenga mradi wote mara moja ukiwa mtandaoni, majaribio yakiwamo:

`mvn clean verify`

kisha kuchomoa waya wa mtandao na kuandika:

`mvn -o clean verify`

Ile `-o` inaikataza Maven kutoka nje. Mara ya kwanza mtandaoni ilishusha kidogo tu, vilivyokosekana kwenye mzigo wa `root`. Bila waya ilijenga mpaka mwisho.

Kikundi kina kompyuta ya pili, ya mkononi, inayotumika wakati wa kupima karafuu. Hatukuipakulia chochote kutoka mtandaoni upande wa Maven. Faili la 3.9.9 tulilithibitisha kwa kulinganisha jumla yake ya `sha512sum` na ile iliyotangazwa na Apache, tukalihamisha kwa flashi pamoja na folda nzima ya `~/.m2/repository`. Angalizo moja kwa atakayefanya hivi: ndani ya kila kifurushi Maven huacha faili dogo liitwalo `_remote.repositories`, linaloandika kilitoka hifadhi gani kwa jina lake la ndani. Kompyuta ya pili ikiwa na `settings.xml`, faili la mipangilio ya Maven, inayoita hifadhi kwa jina jingine, Maven itadai kifurushi hakipo ilhali kipo mbele ya macho yake. Tulinakili na `settings.xml` pia, majina yakalingana.

Kwa mwenzake wa Unguja nilipendekeza waongeze kwenye mradi kile kiendeshi kidogo cha `mvnw`, kwa amri `mvn wrapper:wrapper -Dmaven=3.9.9`, ili toleo la Maven liandikwe ndani ya mradi wenyewe na suala la 3.6.3 lisirudi kwa atakayejiunga baadaye. Kinapakua Maven yake kwa kila mtumiaji mara ya kwanza, kwa hiyo kwenye kompyuta mbili za Wete tuliendelea na ile ya `/opt`. Betri imebadilishwa. Mlango wa 123 kwenye mtandao wa ofisi bado umefungwa. Kijana ameandika ombi kwa anayeusimamia, na wakati akingoja jibu huwasha intaneti ya simu kidogo kila anapoona `timedatectl` inasema `no`.